Neno la Mjane Asiye na Mtoto: Nani Atalilinda?



Hapa Kisangani mtu akifa na kuacha watoto, maneno juu ya mali yake huwa mengi. Lakini mwishowe watoto husimama na kusema: "Mama alitaka hivi." Neno la marehemu huwa na watu wa kulibeba. Leo tufikiri juu ya mtu mwingine, mama mjane ambaye hakuzaa. Siku akifa, ni nani atasimama kusema alitaka nini? Na akiisha kusema mwenyewe kabla ya kufa, tena kwa maandishi, ni nani atasumbuka kumtii, hali hayupo tena wa kumkasirikia wala wa kumshukuru?

Hilo ndilo swali letu. Je, tuna deni kwa neno la mtu aliyekufa? Na kama tunalo, je, deni hilo ni dogo zaidi ikiwa mtu huyo hakuacha mtoto?

MFANO MMOJA

Tuchukue mfano. Huu si habari ya mtu mmoja tunayemjua, lakini kila msomaji ameona kitu kama hiki katika avenyu yake.

Mama mmoja anakaa Makiso, si mbali na soko kubwa. Bwana wake alikufa zamani. Mungu hakuwapa mtoto. Mama hakurudi kwao. Alibaki katika kiwanja, ile tunayoita parsele, akauza kwanga na mawese, akafunika nyumba bati mpya, akajenga vyumba viwili vya kupangisha. Kisha vita vilipita katika mji wetu. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa Agosti 1999, tena Mei 2000, tena Juni 2000 kwa siku sita. Watoto wengi walipoteza wazazi. Mama yule akachukua binti mdogo asiye wa ukoo wake, akamlea, akamsomesha. Hakwenda tribinali kutafuta hati ya kumfanya mtoto wake. Alisema tu, "Huyu ni mwanangu," na watu wote wa avenyu wakamwita mwanawe.

Miaka ikapita, mama akazeeka. Binti ndiye aliyemwogesha, akampikia, akampeleka hospitali. Halafu mama akafa. Siku ya tatu ya matanga walifika watu wa aina tatu. Wa kwanza ni ndugu za marehemu bwana: "Hii parsele ni ya kaka yetu, inarudi kwetu." Wa pili ni ndugu za mama mwenyewe: "Dada yetu hakuzaa, basi sisi ndio warithi." Wa tatu, inaumiza kusema, ni watu wa maombi: "Mama alikuwa wa kanisa, kila kitu chake ni cha kanisa." Yule binti alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo. Hakuna aliyemwuliza neno.

SHERIA YA INCHI YETU INASEMA NINI

Kabla ya kuhukumu kwa moyo, tujue sheria, maana wengi wetu tunagombana bila kuijua.

Sheria ya Jamaa ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Inapanga warithi kwa makundi. Kundi la kwanza ni watoto: wa ndoa, wa nje waliokubaliwa na baba yao, na wale waliofanywa watoto kwa hukumu ya tribinali. Kundi la pili ni mume au mke aliyebaki, pamoja na baba na mama wa marehemu, na ndugu zake wa kike na wa kiume. Kundi la tatu ni wajomba, baba wadogo na wakubwa, mama wadogo na wakubwa, na mashangazi. Baada yao ni jamaa wengine. Kama hakuna mtu yeyote, mali inashikwa na serikali.

Sasa tuirudishe sheria hii katika parsele ya mama yetu.

Kwanza, bwana wake alipokufa, mama alikuwa mrithi. Tena, katika ndoa iliyoandikwa komini bila mapatano mengine, vile walivyopata pamoja ni vya wote wawili. Nusu yake haikuwa urithi, ilikuwa mali yake tangu mwanzo. Sheria ilimpa pia haki ya kukaa katika nyumba yao. Kwa hiyo yule shemeji anayesema parsele nzima ni ya kaka yake amekosa. Ndugu za bwana wanaweza kuwa na sehemu katika urithi wa kaka yao. Lakini sehemu hiyo wanaidai siku ile kaka anapokufa, mbele ya tribinali, wala hawangoji miaka ishirini ili wamkute mjane amekufa. Mali ya mjane mwenyewe haiwahusu, kwa maana shemeji hayumo katika makundi ya warithi wa mjane.

Pili, ndugu za mama kwa damu ni warithi wake kweli, kama hakusema jambo lingine kwa namna sheria inavyokubali.

Tatu, yule binti hayumo kabisa. Kulea peke yake, bila hukumu, hakumfanyi mtoto kuwa mrithi. Mlango wa pekee wa binti huyu ni wosia.

Na wosia sheria inaukubali kwa namna tatu. Ya kwanza ni mbele ya noteri au ofisa wa serikali anayeandika habari za raia. Ya pili ni maandishi ya mkono wa mwenyewe: barua yote iwe ya mkono wake, yenye tarehe na sahihi yake. Ya tatu ni maneno ya mdomo mtu akiwa karibu kufa, mbele ya mashahidi wawili wazima au zaidi. Lakini wosia wa mdomo una mipaka katika vitu unavyoweza kutoa, tena mtu akiendelea kuishi zaidi ya miezi mitatu maneno hayo yanaanguka. Mama anayesema jikoni, "Hii nyumba nitamwachia binti yangu," amesema neno la upendo, lakini hajafanya wosia.

Ndugu, hapa tunaona sheria inafika wapi na inaishia wapi. Inaweza kulinda karatasi. Ila karatasi hukaa chini ya godoro, na mtu wa kwanza kuingia chumbani baada ya kifo anaweza kuichoma. Katika dakika ile hakuna hakimu wala polisi. Ni dhamiri yake peke yake.

BIBI WA MULEBA

Twende kidogo upande wa mashariki, kando ya Ziwa Victoria, tuone shauri lililoamuliwa kweli.

Katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, Tanzania, palikuwa na bibi mmoja wa Kihaya. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Bibi akazeeka, akaona hana mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza shamba lile kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake mtoto wa ndugu yake alikwenda Mahakama ya Mwanzo kushitaki. Alisema: kwa desturi ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Desturi hiyo ilikuwa imeandikwa na serikali tangu 1963. Mahakama ya kwanza ilimkubali yule kijana. Mahakama ya Wilaya ikamkubali bibi. Mwishowe, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza aliamua kwamba bibi ana haki ileile aliyo nayo mwanamume, kwa sababu katiba ya inchi imekataza ubaguzi. Shauri hilo linajulikana kwa jina la Ephrahim na Pastory, na wanasheria wa Afrika Mashariki wanalisoma mpaka leo.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza: kijana alifika mahakamani siku moja tu baada ya shamba kuuzwa. Lakini bibi aliuza kwa sababu hakuona mtu wa kumtunza. Ukoo ulikuwa na miguu mwepesi kwa ajili ya shamba. Kwa ajili ya mzee mwenyewe miguu ilikuwa mizito.

La pili: jaji hakuufukuza ukoo. Alisema wanaukoo wanaweza kulikomboa shamba, ila kwa kulipa bei iliyotolewa. Huo ni uamuzi wenye hekima. Damu inakupa haki ya kukomboa, si haki ya kunyang'anya, na anayekomboa analipa.

Jambo hili wasomaji wa Biblia wanalijua. Katika kitabu cha Ruthu, sura ya 4, Naomi ni mjane aliyefiwa na wana wake wote. Boazi anakaa mlangoni pa mji mbele ya wazee kumi, anamwita jamaa aliye karibu zaidi kuliko yeye, anamwuliza kama atalikomboa shamba. Jamaa yule anakubali haraka. Lakini akiambiwa kwamba pamoja na shamba lazima achukue mzigo wa mjane Ruthu na jina la marehemu, anarudi nyuma. Anaogopa kuharibu urithi wake mwenyewe. Yeye alitaka shamba tupu. Tangu siku hizo jamaa wa namna hii yupo, na katika matanga yetu yeye ndiye anayeketi mbele.

WAJANE WAWILI WA UINGEREZA

Ziwa tulilolitaja lilipewa jina la Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 mpaka 1901. Wengine hufikiri kwamba shida hizi za wajane ni za Afrika tu. Si kweli. Katika siku za malkia huyo, mwanamke wa Uingereza mwenye mume karibu hakuwa na kitu chake. Alichokuwa nacho kilishikwa na mume, wala hakuweza kuandika wosia bila ruhusa yake. Sheria ya 1882 ndiyo iliyowapa wanawake walioolewa haki ya kushika mali yao wenyewe. Hapa kwetu sheria ya 1987 nayo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria, mpaka marekebisho ya 2016 yalipoiondoa. Kwa hiyo huko zamani mjane, tofauti na mwanamke mwenye mume, alikuwa huru kusema mali yake iende wapi. Tuwaangalie wawili.

Wa kwanza ni Harriot Mellon. Alikuwa mwigizaji wa michezo, akaolewa na tajiri wa benki, mzee Thomas Coutts, ambaye alikufa 1822 akamwachia mali. Akaolewa tena, lakini hakupata mtoto. Alikufa Agosti 1837, wiki chache baada ya Victoria kuwa malkia. Sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Angela Burdett, mjukuu wa Coutts kwa mke wa kwanza. Lakini katika wosia aliweka sharti: Angela akiolewa na mtu wa inchi ya kigeni, apoteze urithi. Angela aliishi miaka mingi bila kuolewa, akawasaidia maskini wengi. Mwaka 1881 aliolewa na kijana aliyezaliwa Marekani. Sharti la mama aliyekwisha kufa miaka arobaini na minne likaamka, na sehemu kubwa ya mapato yake ikaenda kwa dada yake.

Wa pili ni Enriqueta Rylands. Alizaliwa Kuba 1843, akaolewa 1875 na John Rylands, tajiri wa viwanda vya pamba huko Manchester. Hawakupata mtoto wa tumbo; walilea watoto wawili. Bwana akafa Desemba 1888. Mjane huyu alijenga nyumba kubwa ya vitabu kwa jina la bwana wake. Mwaka 1892 alinunua hazina ya vitabu vya jamaa ya Spencer kwa pauni 210,000. Nyumba ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1900. Yeye alikufa 1908, na katika wosia wake aliiachia nyumba ile fedha na vitabu vingine. Mwaka 1920 ilinunuliwa huko Misri, kwa ajili ya nyumba hiyo, karatasi ya mafunjo ndogo kama kiganja cha mtoto. Baadaye, katika miaka ya 1930, mtaalamu mmoja alitambua kwamba ni kipande cha Injili ya Yohana, sura ya 18, pale Yesu anaposimama mbele ya Pilato. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa kati ya vipande vya zamani sana vya Agano Jipya tulivyo navyo. Mama asiyezaa alijenga nyumba, na baada ya kifo chake nyumba hiyo ikapokea kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua.

Tusiseme haraka kwamba mmoja ni mbaya na mwingine ni mwema. Hata fedha ya Bibi Rylands inatuuliza swali. Ilitoka katika pamba. Viwanda vya Manchester kwa miaka mingi vilisokota pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani, mpaka vita vya huko vya 1861 hadi 1865. Sisi wa upande huu tunajua kilimo cha pamba cha kulazimishwa, maana babu zetu wa Uele walikilima chini ya fimbo ya Wabelgiji. Basi anayeandika wosia aanze na swali hili: hiki ninachogawa kilipatikana kwa jasho la nani? Kulipa deni kunatangulia kutoa zawadi. Hata sheria yetu inapanga hivyo: anayesimamia urithi hulipa madeni ya marehemu kwanza, ndipo hugawa.

Lakini tofauti ya wosia hizi mbili iko hapa. Bibi Mellon aliacha mali pamoja na kamba ya kumfunga mtu aliye hai. Bibi Rylands aliacha mali ifanye kazi, akawaachia wengine kuona itazaa nini. Hii inatusaidia kujibu swali letu. Tuna deni kwa neno la marehemu juu ya mali yake na juu ya watu aliowapenda. Marehemu naye hana haki ya kuendelea kutawala ndoa na mioyo ya walio hai. Mama anayeandika, "Binti yangu apate nyumba," tumtii. Akiandika, "Apate nyumba lakini asiolewe na mtu wa kabila fulani," hapo amevuka mpaka, na mchungaji anayesaidia kuandika amwambie hivyo angali hai.

TUSIWADHARAU JAMAA

Wengine watasema: "Mwandishi anapendelea wajane, anaonea jamaa." Hapana. Jamaa wana sababu, na tuziseme wazi.

Mtu wa Afrika hakujenga peke yake. Pengine kiwanja kilinunuliwa kwa fedha ya kaka aliyefanya kazi ya meli kati ya Kisangani na Kinshasa. Pengine dada alileta saruji. Mama alipougua, shemeji mmoja alilipa dawa. Ukoo unapobeba maiti, unapolipa jeneza, unapolisha watu wa matanga, hauna hati ya haya yote, lakini ni kazi ya kweli. Wosia unaosahau watu hawa unaweza kuwa na sahihi na tarehe, ukakubaliwa na tribinali, na bado ukakosa haki.

Kwa hiyo mama anayeandika akumbuke kila mkono. Asiandike kwa hasira, kumwadhibu ndugu aliyekosa kumsalimu. Aite wazee wa pande zote mbili akiwa na nguvu, awaambie shabaha yake uso kwa uso. Jambo lililosikiwa na wote mwenyewe akiwa hai ni gumu kugeuzwa baada ya mazishi. Wale wanaotaka kubisha wabishe sasa, wakati bado anaweza kujibu.

Na jamaa wajipime kwa kipimo cha yule wa mlangoni pa Bethlehemu. Ukitaka shamba, ulichukua mzigo? Ukidai nyumba, ulimtembelea aliyekuwa ndani yake? Mwenye kujibu ndiyo, sauti yake isikiwe. Mwenye kujibu hapana, afadhali anyamaze na aombe rambirambi kama wageni wengine.

NDOTO HAIGAWI PARSELE

Sasa tufike mahali pagumu, maana panatuhusu sisi wenyewe.

Katika makanisa yetu tunaamini kwamba Mungu husema na watu, hata kwa ndoto na maono. Hilo hatulikani. Lakini imetokea mara nyingi, hapa na pengine, kwamba baada ya kifo cha mama mwenye nyumba mtu anaamka na kusema: "Nimemwona marehemu usiku, amevaa nguo nyeupe, amesema nyumba iwe ya kanisa." Nani atambishia? Marehemu hawezi kuja kukana. Mtoto wa tumbo angekuwepo angesema, "Mama hakusema hivyo." Mjane asiye na mtoto hana wa kusema. Kwa hiyo yeye hasa ndiye anayewekewa maneno mdomoni.

Tusiwe na mashaka juu ya jambo hili. Ndoto inaweza kumfanya mwenye kuiota atubu, afunge, asamehe, alipe deni lake. Haiwezi kuchukua mali ya mwingine. Wakati mtu mmoja alipomwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawanye urithi naye, Bwana alikataa kuwa mgawanyaji, akawaonya wote juu ya tamaa (Luka 12). Ikiwa yeye alikataa, sisi tumepewa kiti hicho na nani? Tena katika Marko 12 aliwahukumu viongozi wa dini wanaomeza nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Hakuwa anasema juu ya wapagani.

Sheria ya wosia ya Uingereza ya 1837 ina kanuni moja nzuri ambayo kila kanisa lingeweza kuifuata bila kulazimishwa na mtu: shahidi anayetia sahihi kwenye wosia hawezi kupokea zawadi iliyomo ndani yake. Anayeshuhudia asiwe anayekula. Basi mchungaji, nabii, mzee wa kanisa au mama wa kikundi anayeitwa kuandika au kushuhudia wosia wa mjane, asiwe na jina lake mle, wala jina la mke wake, wala la watoto wake. Na kama mama kwa moyo wake anataka kulipa kanisa kitu, aandikiwe na mtu wa nje, mbele ya noteri, na jamaa wajue. Zawadi inayoogopa mwanga wa mchana kanisa liiache.

TUFANYE NINI?

Hatutaki kumaliza kwa maneno matupu. Mambo haya kila mtu anaweza kuyafanya.

Mama mjane, usiogope kuandika. Kuandika wosia hakuleti kifo. Isaya alimwambia Hezekia apange mambo ya nyumba yake. Hezekia akayasikia, na bado aliishi miaka kumi na mitano. Andika kwa mkono wako mwenyewe, tia tarehe, tia sahihi. Kama hujui kuandika, nenda kwa noteri. Weka nakala mahali pawili. Taja mtu atakayesimamia ugawaji. Usipomtaja, sheria inampa kazi hiyo mrithi mkubwa kwa umri, awe mwaminifu au asiwe.

Wewe unayelea mtoto asiye wako, fuata hati ya tribinali angali mdogo. Uingereza yenyewe haikuwa na sheria ya kumfanya mtoto wa kulea kuwa mtoto wa aliyemlea mpaka 1926. Kabla ya hapo mtoto wa namna hiyo alitegemea wosia tu. Sisi sheria tunayo. Tusimwache mtoto ategemee huruma ya watu wa matanga.

Nawe jirani uliyeusikia wosia, au uliyeuona ukiandikwa, kazi yako ni moja: useme ulichosikia, usiongeze, usipunguze. Huenda utachukiwa na watu utakaoendelea kuonana nao sokoni kila siku, kwa ajili ya mtu ambaye hutaonana naye tena hapa duniani. Huo ndio uzito wa jambo hili. Ukitunza neno la aliyeacha watoto wenye nguvu, pengine unawaogopa watoto wake. Ukitunza neno la mjane asiye na mtoto, hakuna wa kuogopa na hakuna wa kukulipa. Mtu akitaka kujua kama ni mwaminifu, ajipime hapo.

Tuliuliza kama deni kwa neno la marehemu ni dogo zaidi akiwa hakuacha mtoto. Jibu letu ni kwamba deni hilo ni kubwa zaidi. Aliyezaa ameacha watu wa kumdai. Asiyezaa ametuachia sisi. Wiki hii, katika kila kikundi cha maombi, tuulizane: ni mama gani mjane katika avenyu yetu ambaye hajaandika neno lake, na ni nani atakwenda naye kwa noteri, mtu asiyetafuta kitu kwake?

Amani iwe katika nyumba zenu.